Kwa Hiari Yangu

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile hakuna aliyempenda Mama Chimbuko, na yeye hakuwa akitafuta wa kumpenda. Alikuwa na miaka kumi na saba kazini, viganja vimeparara kwa sabuni na wanga, mgongo umeanza kupinda, na mdomo ambao wenzake walisema Mungu alisahau kuuwekea kifuniko. Jina lake la kuzaliwa walikwisha kulisahau. Hili la Chimbuko walimpa kwa sababu kila neno lililopita mbele yake alilisimamisha kama askari wa barabarani anavyosimamisha lori: unatoka wapi, umebeba nini, nani kakuleta huku?

Maradhi hayo aliyapata redioni. Juu ya rafu, karibu na mashine kubwa ya kunyooshea mashuka, kulikuwa na redio iliyofungwa bandeji kiunoni ili betri zisianguke. Saa saba mchana mashine zilizimwa, watu wakakalia matenga ya nguo na kula, na redio ikasoma habari. Wengine waliisikia kama watu wanavyoisikia mvua: ipo, inanyesha, basi. Yeye alisikiliza. Mwaka wake wa tatu pale, katika habari za vita vya mbali, alisikia neno mamluki, akadhani ni kabila la watu. Alipopeleka mapazia ofisini akamuuliza karani wa masjala, "Kaka, hawa mamluki wanaishi nchi gani?"

Karani alicheka mpaka akaita wenzake. "Hebu rudia, mama, hawa hawajasikia." Akarudia, wakacheka upya. Alitoka pale masikio yakimwaka moto, na kicheko kile ndicho kilichomsomesha. Shule yenyewe ilikuwa imemwishia darasa la saba, pale baba yake aliposema kumsomesha binti ni kumwagilia shamba la jirani.

Wiki ile ile alinunua kamusi kwa muuza vitabu chakavu wa kando ya barabara. Haikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimenyofoka, ikawa inaanzia neno dada. Alisoma: mamluki, askari wa kukodiwa. Pembeni kulikuwa na alama ndogo ya kuonyesha neno limetoka Kiarabu, lakini kamusi haikusema lilitoka huko likiwa na maana gani. Kwa hayo, na kwa kila neno lililokuwa kwenye kurasa zilizopotea, ilibidi amwendee mfamasia.

Mfamasia alijua lugha nne na hakupenda kuzungumza na mtu kwa hata moja. Kila Jumanne Mama Chimbuko alimpelekea makoti meupe dirishani, na kila Jumanne mfamasia aliuliza bila kuinua macho, "Leo neno gani?"

"Gereza." Redio ilikuwa imetangaza wafungwa waliotoroka.

"Kireno. Kwao ni nyumba ya ibada."

"Nyumba ya ibada imekuwaje jela?"

"Kawaulize Wareno." Dirisha likafungwa.

Wiki nyingine aliuliza siasa, maana wakubwa wawili walikuwa wametukanana bungeni. Mfamasia akamwambia ni Kiarabu, na kwamba zamani lilihusu kutunza farasi na kumfunza amri. "Na farasi ni nani?" akauliza Mama Chimbuko. "Wewe," akajibiwa, na dirisha likafungwa. Aliyaandika yote hayo kwenye daftari alilolificha chini ya mifuko ya sabuni: tarehe, habari iliyolileta neno, maana, na lilikotoka. Madaftari yalifika sita.

Kama angeishia kuandika, pengine wangemstahimili. Lakini alichokipata alikigeuza fimbo. Mtu akisema neno kombo alimsahihisha papo hapo, mdomo ukiwa na chakula, na hakusahihisha faraghani. Aliyeumia kuliko wote alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

Wifi huyu alikuwa msichana mzuri asiyependa kusoma, na maneno yake aliyaokota redioni vilevile, ila hakuyauliza yalikotoka. Kila aliposikia habari za mafisadi, alisikia wana majumba, magari na mashamba. Akahitimisha kwamba fisadi ni tajiri mkubwa. Siku wakwe walipokuja kumposa, sebule imejaa, alisimama kwa adabu zote, akainamisha kichwa na kusema, "Namshukuru sana mama mkwe wangu. Kila mtu anajua yeye ni fisadi, lakini hajajivuna, amekubali kunipokea mimi maskini."

Sebule ikawa kimya hata ungeweza kumsikia inzi akinawa mikono. Watu wazima walianza kukohoa, na mjomba mmoja akaanza kuulizia hali ya mvua. Lingepita. Lakini Mama Chimbuko alisimama. "Wageni mtuwie radhi, mtoto hajui maana," akasema, na hapo ndipo angekaa. Hakukaa. Akaeleza kwamba neno limetoka Kiarabu, kwamba asili yake ni kuharibika, kuoza, kama nyama au tunda linavyooza, na ndiyo maana mla mali ya umma akaitwa hivyo. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho mkoba ukiwa magotini, kisha akaomba maji. Ndoa ilifungwa, ila yule mama hakuingia tena nyumba ile, na wifi alianza maisha ya ndoa chini ya jicho la mwanamke aliyeitwa kitu kilichooza mbele ya watu.

Miaka kumi na mmoja baadaye chuki ile bado ilikuwa mbichi. Na kwa kuwa dunia haina aibu, wanawake hao wawili walifua shuka katika chumba kimoja. Mume wa Mama Chimbuko, fundi baiskeli, alimbembeleza mkewe miezi mizima amtafutie dadake kazi. Akamtafutia. Wifi hakusema asante. Alichukua aproni, akaenda kusimama kwenye sinki la mwisho kabisa, akampa mgongo.

Msimamizi wao alikuja na diploma na suruali yenye mstari wa kukatia mkate. Nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Pasi, kwa ajili ya mstari ule, na kwa sababu alipata moto haraka na kila alipogusa aliacha alama. Mwezi wake wa kwanza alibandika tangazo ukutani: "Ni marufuku kutofanya kazi bila glavu." Mama Chimbuko alilitazama, akachukua penseli, akapiga mstari chini ya maneno matatu na kuandika pembeni: "Kwa hiyo tuzivue?" Toka siku hiyo Bwana Pasi alimpangia matandiko ya wodi ya upasuaji, yale yanayokuja yameganda damu, wiki baada ya wiki, bila zamu kugeuka.

Sasa, mwaka ule redio ilitangaza kwamba kiwanda kimoja cha nguo kimefungwa, na wafanyakazi wake wote "wamestaafu kwa hiari". Mama Chimbuko aliliandika neno hiari. Jumanne akasimama dirishani.

"Hiari," akasema.

"Kiarabu. Kuchagua kilicho bora. Ni ndugu yake heri."

"Na kustaafu?"

Mfamasia aliinua macho, jambo alilolifanya mara chache. "Hilo nalo Kiarabu. Kuomba uachiliwe. Lina undugu na neno la msamaha."

"Yaani anayestaafu anaomba msamaha? Kwa kosa gani?"

"Mimi nauza dawa, mama."

Wiki tatu baadaye redio ikarudi kwenye kiwanda kile. Wanawake walikuwa wamejipanga nje ya ofisi ya kazi wakitaka kiinua mgongo chao. Msemaji wa kiwanda alisema kwa sauti tulivu kwamba aliyeondoka kwa hiari yake hakufukuzwa na mtu, kwa hiyo hana cha kudai. Mama Chimbuko aliacha kula. Aliliandika na hilo kiinua mgongo, ambalo halikuhitaji mfamasia: ni kitu cha kumnyoosha mtu mgongo baada ya kuinama miaka yote. Aliifuatilia habari ile hadi mwisho wake. Walioandika barua za kuomba kufikiriwa walijibiwa kwamba hakuna fungu la misaada. Walioandika kwamba wanadai, na kwamba walitia saini kwa kutishwa, walisikilizwa na baraza. Aliyapigia mstari maneno yote mawili, kuomba na kudai.

Jumatatu moja Bwana Pasi aliingia na bahasha. Akazima mashine mwenyewe, akasimama mbele ya meza ya kukunjia na kusoma kwamba kutokana na uboreshaji wa huduma, kazi ya kufua itapewa kampuni kutoka nje. Kisha akagawa karatasi ishirini na mbili. Kila moja ilikuwa imeshaandikwa: Mimi, halafu nafasi ya jina, nimeamua kwa hiari yangu kustaafu.

"Mwisho Ijumaa," akasema. "Ambaye hatasaini, hatua stahiki zitachukuliwa dhidi yake. Mimi si mtu wa kubembeleza."

Alipotoka, mwanamke mmoja wa kwenye sinki alikuwa ameshaomba kalamu. Watu walisikia neno kampuni, wakasikia neno hatua, wakaogopa. Mama Chimbuko alipanda juu ya tenga.

"Weka kalamu chini," akasema. "Mnajua hiari ni nini? Ni kuchagua. Mtu akikupa hiki, na usipokitaka akupe fimbo, hapo umechagua nini? Wale wa kiwanda cha nguo walisaini karatasi kama hii hii. Mlisikia redioni, mlikuwa mnatafuna tu. Walipokwenda kudai waliambiwa, ninyi mliondoka wenyewe. Wakikutoa wao, wana deni na mgongo wako. Ukitoka mwenyewe, umewasamehe."

"Sasa tufanye nini?" akauliza fundi wa boila, mzee mkimya ambaye hakuwahi kumuuliza kitu.

"Msisaini. Waandike wao kwamba wanatupunguza."

"Na barua hii?"

Mama Chimbuko aliinyanyua karatasi yake, aliyokuwa ameikunjakunja kiganjani, akaona woga umezidi chumbani, akatania. "Hii ina mikunjo mingi mno. Ipigeni pasi kwanza, labda itanyooka."

Walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza chumba kizima kucheka kwa neno lake, na utamu wa kicheko kile ulimfanya asitazame kwenye sinki la mwisho, ambako wifi yake alikuwa amesimama na karatasi yake, hacheki.

Kesho yake asubuhi alikuta barua ya mashtaka juu ya matandiko ya damu. Bwana Pasi alikuwa amesimama pale pale kumtazama akiisoma.

"Uchochezi," akasema Bwana Pasi. "Hilo nalo utaniambia limetoka wapi?"

"Limetoka jikoni," akajibu. "Kuchochea ni kusogeza kuni. Na kuni husogezwa kwenye moto uliokwisha kuwashwa. Nani aliuwasha?"

"Utayasema hayo Alhamisi."

Kamati ya nidhamu ilikaa chumba cha mikutano, wajumbe watatu: katibu wa hospitali, ambaye alikuwa mama mwenye miwani ya mnyororo; muuguzi mkuu; na mhasibu aliyekuwa na usingizi wa shibe. Bwana Pasi alikaa pembeni, mstari wa suruali umesimama. Mama Chimbuko alikaa peke yake. Alikuwa ameomba mashahidi wanne. Fundi wa boila alisema boila lilikuwa likiunguruma. Wawili wa kwenye meza ya pasi walisema walikuwa wakila. Wa nne alisema anaumwa, hakuja. Alhamisi ile kila mtu aliulinda mgongo wake mwenyewe.

Kisha wakamwita wifi.

"Eleza ulichosikia," akasema katibu.

"Alipanda juu ya tenga," akasema wifi. Sauti yake ilikuwa imenyooka, kama mtu aliyefanya mazoezi. "Akawaambia watu wasisaini. Halafu akasema, mpigeni Pasi."

Mhasibu akazinduka. Katibu aliishusha miwani. "Pasi ni nani?"

Muuguzi mkuu alitazama dirishani, akiuma midomo, kwani jina lile lilikwisha kufika mpaka wodini. Bwana Pasi mwenyewe alikuwa hajui.

"Nauliza, Pasi ni nani?"

"Ndiye huyu," akasema wifi, akanyoosha kidole.

Bwana Pasi alitazama kidole kile, akatazama suruali yake, na wekundu ukampanda machoni. Kama alikuwa na chembe ya huruma katika shauri lile, iliungua hapo.

Mama Chimbuko alisimama. "Mheshimiwa katibu, sikusema hivyo. Nilikuwa nimeshika barua. Nilisema ipigeni pasi, nikimaanisha barua, ina mikunjo. I, si m. Barua huipigi kwa m. Mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Kwa hiyo mimi ni mtoto wa darasa la kwanza?" akasema wifi.

"Wewe unajua nilichosema."

Katibu alimgeukia wifi. "Binti, hili ni jambo zito. Huko ni kuagiza mtu apigwe. Fikiri vizuri. Alisema ipigeni, au mpigeni?"

Wifi alimtazama Mama Chimbuko usoni. Hawakuwa wametazamana hivyo tangu ile sebule ya posa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na waliosema hawakuwa wafua nguo.

"Mpigeni," akasema.

Uamuzi ulitoka jioni ile ile. Onyo kali la mwisho, na kuhamishiwa chumba cha kupokelea nguo chafu, peke yake, mlango umefungwa, asizungumze na wafuaji saa za kazi. Redio hakuruhusiwa. Nyumbani alimweleza mumewe kila kitu, neno kwa neno. Fundi baiskeli alishika kichwa. "Huyo ni dada yangu," akasema. "Nimezaliwa naye tumbo moja. Nifanye nini?" Mama Chimbuko akamjibu kwamba na yeye ni mke wake, na kama hajui la kufanya, asifanye lolote, ila asimletee yule mwanamke mbele ya macho yake.

Lakini kumfungia mlango kulikuwa kumechelewa, maana neno lilikwisha kutoka. Ijumaa Bwana Pasi alipopita kukusanya karatasi, alipata tatu. Kumi na tisa zilikuwa tupu. Wale wale walioogopa kumtolea ushahidi walikataa kusaini, na walipoulizwa sababu kila mmoja alijibu kama kasuku aliyefunzwa, "Hiari yangu haijanituma." Bwana Pasi alipiga kelele mpaka kola ikalowa. Alitishia, akataja hatua stahiki mara saba. Fundi wa boila, ambaye Alhamisi hakusikia kitu, sasa alisikia vizuri. "Hatua stahiki," akasema taratibu, "si ndiyo ile ya haki? Maana nimeambiwa stahiki na haki ni mtu na ndugu yake." Hakuna aliyekwenda kumshukuru Mama Chimbuko kwa hilo. Walimpitia mlangoni kama siku zote, na mwanamke wa kalamu alisema ni kwa sababu yake Bwana Pasi amewakasirikia wote.

Hospitali ilikaa kimya wiki sita. Kisha zikaja barua nyingine, zenye muhuri, na ndani yake neno hiari halikuwepo. Ziliandikwa kwamba wafanyakazi hawa wamepunguzwa kazini na mwajiri, na kwa hiyo watalipwa kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria. Kazi ilikwenda vilevile. Magari ya kampuni yalianza kuja kuchukua mashuka na matenga yakabaki matupu. Lakini kumi na tisa wale waliondoka na chao, Mama Chimbuko akiwa mmoja wao. Watatu waliosaini waliondoka na barua ya shukrani. Wifi alikuwa mmoja wao. Alisaini Jumatatu ile ile, kabla hata chakula cha mchana hakijaisha, ili tu asiwe amefuata neno la adui yake.

Jumapili moja mchana mlango wa Mama Chimbuko ulibishwa. Binti yake alifungua, akarudi akamwambia mama yake kwa sauti ya chini, "Ni shangazi. Baba ndiye kaja naye."

Wifi aliingia, akapewa kiti, akakikalia ukingoni. Alikuwa amekonda. Mumewe alikuwa hana kazi tangu mwanzo wa mwaka, na mama mkwe yule hakuwa mtu wa kuombwa hata chumvi.

"Wifi, nimekuja," akasema.

"Nakuona."

Fundi baiskeli alibaki amesimama. "Anataka barua ya kwenda hospitalini. Wewe ndiye unayejua kuandika. Mwandikie, tafadhali. Damu yangu hii."

"Kwanza aseme mbele yako," akasema Mama Chimbuko. "Siku ile nilisema nini?"

Wifi alitazama sakafu. "Ulisema ipigeni."

"Na kule kwa kamati ulisema nini?"

"Nilisema lile lingine."

"Kwa nini?"

Wifi aliinua kichwa, na macho hayakuwa na toba hata kidogo. "Siku ya kuozwa kwangu ulisimama ukawafundisha watu habari za kuoza. Unauliza kwa nini? Miaka kumi na mmoja mama mkwe ananiita Fisadi. Watoto wangu wanadhani ni jina langu la utani. Na wewe siku ile uliona fahari. Ulikuwa unatabasamu."

Mama Chimbuko alitaka kusema hakutabasamu. Alijaribu kukumbuka na hakuwa na hakika. Badala ya kujibu alivuta meza ndogo, akatoa karatasi na kalamu. "Niandike nini?"

"Andika naomba msaada. Andika kwa unyenyekevu, wasije wakakasirika. Naomba kwa heshima zote mnifikirie."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Ndani ya daftari la sita, futi mbili kutoka pale alipokaa, maneno mawili yalikuwa yamepigiwa mstari. Alijua neno naomba lingeipeleka barua ile wapi. Alijua pia kwamba dirisha la kudai lilikuwa bado wazi, siku chache tu, kwa mtu aliyesaini kwa kutishwa. Watu baki kumi na wanane aliwapigia kelele juu ya tenga bila kuombwa. Ulimi ulimfika kwenye meno.

"Na usiniwekee maneno yako ya kwenye kamusi," akasema wifi. "Angalau mara moja katika maisha yako, andika mtu alivyosema."

"Ulivyosema?"

"Nilivyosema."

Basi akaandika. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kuinama kulia, mistari iliyonyooka, bila kosa hata moja. Naomba kwa heshima zote mnifikirie kwa msaada wowote. Akaisoma kwa sauti, wifi akaitikia kwa kichwa, akatia saini, akaondoka bila kuaga. Fundi baiskeli alimsindikiza dada yake mpaka barabarani, akarudi ana furaha, akamwambia mkewe ametenda jambo la kiungwana. Yeye akasema chakula kinapoa.

Jibu lilikuja wiki ya tatu. Ombi lilikuwa limepokelewa. Hospitali ilisikitika kwamba haina fungu la misaada. Wifi alipoambiwa na mtu wa ofisi ya kazi kwamba alipaswa kudai, na kwamba muda umepita, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kaka yake na kupiga kelele mpaka wateja wakaacha baiskeli zao. Alisema barua ile ilitiwa sumu. Alisema yule mwanamke anajua kila neno lilikozaliwa na litakakofia, na alimwacha aanguke makusudi.

Jioni fundi baiskeli aliingia na mikono ya grisi, hakunawa.

"Ulijua?" akauliza.

"Aliniambia niandike alivyosema. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Sikuulizi alichokuambia. Nakuuliza, ulijua?"

Mama Chimbuko alikuwa akikunja nguo za watu, maana siku hizo alifulia nyumba moja ya wageni na kazi nyingine aliileta nyumbani. Alimaliza kukunja shuka aliyoishika, akailaza juu ya nyingine, akaisawazisha kwa kiganja.

"Nilijua," akasema.

Mumewe akaenda kunawa. Aliporudi aliketi mezani, mkewe akiwa mbele yake, hata magoti yao yanakaribia kugusana, akamwambia binti yao, "Mwambie mama yako anipe chakula."